Kamba Haina Mudomo

Nyinyi vijana munaoshona siku hizi, na nyinyi munaoshoniwa, ikaleni chini munisikie. Muweke simu pembeni. Mukono yangu haikuzoea kalamu; nilisoma mpaka mwaka wa pili tu, kisha mama akanirudisha nyumbani kulea wadogo wangu. Kama kuna neno nimeandika vibaya, muiache vile. Neno iliyoandikwa vibaya haijavunja mutu roho. Neno yenye ilivunja mutu roho ni ile ilisemwa juzi katika atelie yangu mwenyewe, hapa Cimpunda, mujini Bukavu, mimi nikiwa nyuma nachagua maharagi.

Mujukuu wangu Ajabu alikuwa anapima binti moja aliyeleta kikwembe, kitenge ya arusi ya dada yake. Binti munene, wa sura nzuri, wa haya nyingi. Ajabu akazungusha metre kiunoni, akaita nambari kwa sauti ya muuza samaki ya sambaza: «Cent trente-quatre, mia makumi tatu na ine! Ee mama, hapa ni kuzunguka kisiwa ya Idjwi na mutumbwi!» Wenzake wakacheka. Binti akakunja kikwembe yake, kona kwa kona, akatoka bila kuaga.

Nilifanya nini kisha, nitawaambia kwa mwisho. Lakini lazima kwanza mujue kwa nini damu ilinipanda vile.

Nilianza kushona wakati inchi yetu iliitwa Zaïre, na sisi wote tuliitwa citoyen na citoyenne, hata mwizi wa kuku. Masista walinifundisha vifungo na pindo, kisha nikaingia kwa Papa Bisimwa, karibu na soko ya Kadutu. Papa Bisimwa alikuwa fundi kweli. Abacost yake, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, haikuwa na kunjo hata moja mugongoni. Mwenye kuivaa alitembea kama mutu aliyeitwa na gavana. Mungu amupumzishe. Lakini mudomo yake, Mungu aiweke mbali na mimi hata kule.

Kazi ilikuwa inafanyika hivi: yeye anapima, anaita nambari, mwingine anaandika katika kitabu. Na alikuwa anaita! Mashini ine zinalia, basi lazima apige sauti. Barazani watu wanangoja zamu yao, barabarani wapita njia wanapita, wote wanasikia. Mwanamuke anaingia akiwa mama ya mutu, anatoka akiwa nambari. Muuza makala ya kupikia wa ngambo ya barabara alijua viuno vya wanawake wote wa Kadutu, na hakugusa hata mumoja maisha yake yote.

Lakini akiingia mukubwa wa ofisi na tumbo yake mbele, ee, pale Papa Bisimwa alijua kunong'ona! Aliipima ile tumbo kama mutu mwenye kubeba mayai. «Chef, tutaacha nafasi kidogo hapa mbele, nguo ikae na heshima.» Tumbo ya mwanaume ilikuwa cheo. Tumbo ya mwanamuke, hata kama imezaa watoto saba, ilikuwa kicheko. Niliona hiyo mwaka na mwaka, na mpaka leo nikiifikiri chai inanipoa mukononi.

Na wakubwa nao. Wakati ule walituambia turudie asili yetu: mwanamuke asivae pantalon, ile suruali, asivae nywele ya kununua, avae kikwembe na libaya, blauzi yake, basi. Mimi napenda kikwembe, sina neno. Lakini kikwembe ya uniforme, ile ya kufanana siku ya sherehe, ilitoka dukani yadi sita kwa kila mwanamuke: yadi mbili ya kufunga chini, yadi mbili ya juu, yadi mbili ya libaya. Kama vile sisi wote tulifyatuliwa kama matofali. Mwembamba alibaki na kitambaa ya kushonea watoto. Munene alibaki na haya. Na hakuna aliyesema kitambaa ni fupi. Walisema mwanamuke ni mukubwa sana. Angalieni vizuri hapo, vijana. Kitambaa ikikosa, anahukumiwa mutu.

Sasa kamba. Mimi njo niliwekwa kuandika katika kitabu ya Papa Bisimwa, na sikuwa najua nambari za kifaransa kupita ishirini. Haya ilinizuia kusema. Yeye anaita, mimi nachora vijiti na viduara, nategemea akili. Siku tatu akili ilinisaidia. Siku ya ine, suruali ya mwalimu moja ikatoka na kiuno ya mama mwenye mimba. Mwalimu aliivaa, akaiachilia, ikateremka mpaka kwa viatu, mbele ya bibi yake. Papa Bisimwa akafungua kitabu.

«Citoyenne, hii ni nini? Umechora lupango ya mbuzi?»

Nikafunika vijiti vyangu na kiganja.

«Basi chukua hii,» akanitupia kamba. «Enda kwa upande ya wanawake, uwapime kama fundi wa masanduku ya wafu.»

Kwa maana kwetu fundi wa sanduku anapima marehemu kwa kamba. Alitaka nione haya. Mwanamuke wa kwanza niliyemukaribia akaruka: «Usinizungushie ile! Mimi bado niko na siku zangu!» Wa pili alikubali kwa sababu ya haraka. Nikazungusha kifuani, nikafunga kifundo moja. Kiuno, vifundo viwili. Matako, vifundo vitatu. Urefu wa mukono, kifundo ya kitanzi. Nikafunga kipande kidogo ya kitambaa yake kwa mwisho wa kamba, nijue ni ya nani, nikaitundika kwa musumari. Akauliza: «Umemaliza? Mbona haukuita?» Nikamujibu: «Nimwite nani?»

Alirudi kisha juma moja na dada zake wawili. Walikuja kwa sababu sikuita. Kamba haina mudomo.

Musifikiri nilikuwa na hekima. Nilikuwa na ujinga, na ujinga yangu iliwapa watu heshima kwa bahati tu. Kwanza niliharibu mingi. Nilitundika kamba karibu na dirisha, mvua ya Bukavu ikaingia, munaijua ile, haiingii kwa mulango kama mugeni. Kamba za pamba zikilowa na kukauka zinarudi fupi. Sikujua. Nikashonea wamama wa korali, waimbaji wa kanisa ya Cimpunda, sketi kumi na mbili, zote zikafika kwa magoti. Wakati ule, kwa magoti! Siku ya Mungu padiri aliimba misa yote akiangalia juu ya paa. Kwa hiyo mwenye kutumia kamba aiweke mahali pakavu, na mbele ya kukata apime tena. Na asitumie kamba ya mugomba, ile inavutika.

Sasa nawaambia ya M'Cishugi.

M'Cishugi, mwanamuke wa shamba, alitoka kijiji ya Miti. Alilima maharagi na choux, kabichi, kule, mukono yake ilikuwa kubwa kama jembe, na mwili yake ilikuwa kubwa yote. Ndugu yake mwanaume alikufa mapema, akaacha binti mudogo, Nsimire. M'Cishugi akamuchukua, akamulea mpaka alipofika umri ya kusoma hapa mujini kwa mama yake. Basi Nsimire alipotakwa na familia moja ya Nguba, mutaa ya watajiri kando ya ziwa, kila mutu alijua ni nani atamushika mukono na kumupeleka kwa wakwe. Kwetu ile ni kazi ya shangazi. Hakuna wa kumunyanganya. Tulifikiri hivyo.

Mama Nsimire alileta vikwembe vya familia kwa Papa Bisimwa. Uniforme mbili: moja ya siku wakwe wataleta ngombe, moja ya siku ya arusi. Yadi sita kwa kila mwanamuke. M'Cishugi akateremka kutoka Miti na camion, lori ya mboga, ili nimupime. Akasimama mbele yangu wima kama askari. Nikazungusha kamba. Nikaona uso wake umekauka, shingo imekaza, macho iko kwa ukuta. Alikuwa amezuia pumzi. Amevuta tumbo yote ndani, kwa haya, mbele ya wanawake waliokuwa barazani. Na mimi, fundi mwenye akili, nikafunga kifundo pale pale juu ya ile pumzi.

Sikieni, hiyo njo kosa kubwa ya kazi yetu. Kamba haidanganyi mutu, lakini mutu mwenye haya anadanganya kamba. Nilipima haya yake, sikupima mwili yake.

Nguo ikatoka. Alipojaribu akazuia pumzi tena, ikapita. Papa Bisimwa akasema: «Unaona? Kitambaa imetosha. Ni kumukaza tu.»

Siku ya ngombe, hapa Cimpunda, lupango ya nyumba yao ilijaa. Mimi pia niliitwa, nikakaa kwa pembe. Wakwe wakaingia, baba ya bwana-arusi mbele, muzee munene wa abacost ya kijivu. M'Cishugi akabeba kibuyu ya kasiksi, pombe ya ndizi, akaonja kwanza, akamupa muzee, kama inavyopaswa. Kisha akaikala kwa kiti yake ya chini. Mutu hawezi kuikala na pumzi juu. Alipumua. Mushono ya kando ikapasuka kutoka kwapani mpaka kwa paja, na sauti yake ilisikika kupita ngombe.

Kisha kicheko. Watoto, wamama, wageni. Na mimi. Nataka muandike hiyo katika vichwa vyenu: mimi mwenye nilishona ile nguo vibaya, nilicheka. Si kwa mudomo, kwa pua. Lakini M'Cishugi aligeuka wakati ile ile, akaniona.

Hakulia. Mutu akamutupia kikwembe, akajifunika, akapita nyuma ya nyumba. Mbele ya jua kuteremka alikuwa ndani ya camion ya Miti.

Kisha siku mbili Mama Nsimire akaingia atelie. Hakuikala hata.

«Kikwembe ya arusi, ile ya wifi yangu, mushonee dada yangu mukubwa. Yeye njo atashika Nsimire mukono.»

Nikauliza: «Na shangazi?»

«Wifi yangu atabaki Miti. Wakwe zetu ni watu wa Nguba, mama. Nitawapelekea kicheko mara mbili? Na tena kitambaa haitoshi. Wewe mwenyewe uliona.»

Papa Bisimwa akaitika na kichwa, mashini yake haikusimama. Mimi nikaangalia ile kitambaa mikononi mwangu, bluu yenye majani meupe, na nikasikia moto unapanda kutoka kwa miguu. Kitambaa haitoshi! Mutu alilea mutoto na maharagi ya mugongo wake, na yadi sita njo inamufungia mulango. Na aliyempima ni mimi.

Mangaribi ile Nsimire akaja kwangu, macho yamevimba. Akasema neno moja tu: «Mama fundi, kama shangazi hatanishika mukono, mimi sitaingia kwa wakwe. Watamuoa nani, mutaona.» Kesho yake nikaambia Papa Bisimwa tumbo inaniuma, nikafunga ile kitambaa ndani ya kitunga, nikapanda camion ya Miti.

Nilimukuta shambani. Hakuinua kichwa. Aliendelea kung'oa maharagi.

«Umekuja kucheka tena?»

«Nimekuja kupima tena.»

«Pima choux hizi. Ziko nene na hazisemi.»

Nikaingia katika mustari ya pembeni, nikang'oa naye. Tulifika mwisho ya shamba. Kisha akasema, kama mutu mwenye kusemea udongo: «Siku ile ulinipima nikiwa nimezuia pumzi. Haukuona?»

«Niliona.»

«Na ukafunga kifundo.»

«Nilifunga.»

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. «Ee Nyamuzinda, Mungu wetu! Fundi gani huyu?» Na akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, tumbo nayo, yote. Nikatoa kamba pale pale. Tukaenda kwake, akapika bugali na sombe ya majani ya mihogo, tukakula mpaka tukachoka. Na njo nilimupima: amekula, ameikala, anacheka, anapumua. Kamba ile ilizidi ile ya kwanza kwa urefu ya kiganja yote. Muone vile haya iko kubwa!

Vijana, njo kipimo hiyo. Mutu apewe kiti, apewe chai au maji, aongee, acheke. Umupime ameikala, kisha amesimama, kisha amenyanyua mikono kama mwenye kuchukua kitu juu ya kabati. Kipimo kubwa njo ya kukata. Na ndani ya mushono umuachie vidole viwili vya kitambaa kila upande, kwa maana mwili si jiwe, unaenda na kurudi na mwezi, na mimba, na njaa, na furaha.

Kitambaa sasa kweli ilikosa. Nilikuwa nimebeba bluu ya giza, karibu nyeusi, ya kuongeza kando. Papa Bisimwa alinifundisha hivyo: mwanamuke munene, umuingize katika giza. Nikaitandika. M'Cishugi akaiguza na kidole moja.

«Nani amekufa?»

«Hakuna, shangazi. Ni ya kuficha kidogo.»

«Siku ile nilificha tumbo. Ikatoka yenyewe mbele ya ngombe na wakwe. Sasa itoke kwa mulango, ikiwa imevaa vizuri.»

Akafungua sanduku yake ya bati, akatoa kikwembe ya manjano, manjano ya maua ya maboga. Ilikuwa bado na kunjo za dukani.

«Marehemu bwana yangu alininunulia hii. Sijaivaa. Walisema nikivaa hii nitaonekana toka Kavumu.»

Nikasema: «Sasa?»

«Sasa wa Kavumu nao waone.»

Nilishona nyumbani kwangu, si kwa atelie. Kando ya libaya, chini ya kwapa mpaka kiunoni, pande pana za manjano, wazi, si mistari ya aibu. Kwa kikwembe ya chini, manjano pembeni, ikitembea inafunguka na kujifunga. Mikono nikaitia puto mbili kubwa, manjano ndani. Papa Bisimwa alipita kwangu, akaiona juu ya meza.

«Mwanamuke, hii si nguo. Hii ni bendera.»

«Basi simama wima, papa. Inapanda.»

Alitema mate inje, akaenda. Lakini aligeuka mara mbili kuangalia ile mikono, nilimuona.

Asubui ya arusi M'Cishugi akateremka kutoka Miti, akavaa kwangu. Tukafika Nguba kwa miguu, wakati watu wanatoka misa na kuingia kwa wakwe, nyumba ya ngazi nyingi juu ya ziwa. Nsimire alikuwa amesimama mulangoni na hakusogea. Dada mukubwa wa mama yake alikuwa amemushika kiwiko, anamuvuta na kutabasamu, anamuvuta na kutabasamu. Kisha ile manjano ikatokea kwa kona. Watu wakageuka wote.

Mama Nsimire akateremka ngazi mbio. «Wifi! Nilisema nini?»

«Ulisema kitambaa haitoshi,» M'Cishugi akajibu, na akafungua mikono pande zote mbili. «Angalia. Imetosha.»

«Umeharibu uniforme ya familia!»

«Uniforme ilikuwa inanikosa mimi. Sasa mimi niko ndani.»

Akapanda ngazi, moja, moja, akapumua kila moja, hakujificha kupumua. Nsimire akaondoa mukono yake kwa mama mukubwa, akaitia katika ile kubwa kama jembe. Wakaingia.

Na ndani, vijana, wakwe walikuwa wametandika viti vya fotei. Zile za mbao, zenye mikono, nyembamba, za kupendeza macho. Wakamuonyesha shangazi kiti yake, mbele kabisa, uso kwa uso na baba ya bwana-arusi. Nikaona M'Cishugi anaangalia ile kiti. Nikaona Mama Nsimire anafunga macho. Sala yote, ile chumba kubwa ya wageni, ikajua. Kuna mutu kwa nyuma alikuwa tayari na kicheko yake mudomoni, nilisikia anaivuta.

M'Cishugi akasema kwa sauti ya kila siku, kama mwenye kuomba chumvi: «Hii kiti ilifanyiwa mutu mwingine. Leteni benchi.»

Kisha yule muzee munene wa abacost akasukuma mikono miwili juu ya fotei yake, akajitoa ndani kama kifuniko kwenye chupa. Akaenda barazani yeye mwenyewe, akarudi anavuta benchi ya walinzi.

«Mama,» akamuambia, «mimi pia ile kiti inanikamata tangu asubui. Nilikuwa naogopa kusema.»

M'Cishugi akageuka, akaikala. Niliacha kupumua. Ninawaambia kweli, sala yote ilitega sikio kwa mushono yangu. Akaikala uzito wote, akaegemea, akanyoosha miguu, akapumua mpaka chini.

Hakuna kitu kilisikika. Muzee akaikala pembeni yake. Benchi ililia kidogo, nguo haikulia.

Watu wengine walicheka hata hivyo, kwa nje, karibu na bia. Siwezi kuwadanganya kwamba siku moja inafundisha muji. Mama Nsimire hakunisalimia miaka mingi. Nikimukuta sokoni aliangalia nyanya. Lakini wakati wa kwenda, M'Cishugi alinisimamisha kwa ngazi.

«Siku ile ulicheka.»

«Ndiyo, shangazi.»

«Kwa pua.»

«Kwa pua.»

«Usirudie.»

Ile tu. Sikurudia.

Kisha nilitoka kwa Papa Bisimwa, nikaweka mashini yangu hapa Cimpunda, na kitu ya kwanza nilinunua ilikuwa benchi, pana, bila mikono. Walikuja wanene na wembamba. Musifikiri wembamba hawana yao: walikuja wakiomba niwatie sponji hapa na pale, juu ya kuitwa kijiti, nami nikawafundisha kufunga kikwembe mara mbili na kutembea pole. Alikuja mama mwenye muguu moja fupi, miaka yote pindo yake inavuta matope upande moja, kwa sababu mafundi walimupima kutoka kiunoni. Pindo inapimwa kutoka chini, kutoka udongo kwenda juu! Nilimukatia mushazari, ikaanguka sawa, akatembea barabara yote mpaka soko na kurudi, bure, kuangalia tu. Aliniomba kwa muguu ile fupi niweke ua nyekundu. Niliweka. Mutu akitaka kuonekana, kazi yako ni nini? Ni kumushonea.

Baadaye watu waliweza kuvaa pantalon, na nywele ya kununua, na rangi zote. Nilifikiri mambo imeisha. Kumbe hapana. Sasa munajipaka madawa ya kuchubua uso, munajifunga tumbo na mpira mpaka munazimia kwenye korali, munasoma maneno ya watu musiowajua juu ya matako yenu. Hakuna wakubwa tena wanaowaambia muvae nini, na bado munazuia pumzi. Kwa ajili ya nani? Inanichoma, na sitaomba musamaha ju ya kuchomwa.

Basi juzi, binti alipotoka na kikwembe yake imekunjwa kona kwa kona, nilimuona M'Cishugi anapanda camion. Niliangusha kitunga, maharagi ikatapanyika sakafuni. Ajabu akaanza: «Koko, ilikuwa mchezo tu...» Wenzake wakaangalia vidole vya miguu. Mama yake, binti yangu, akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikachukua metre mukononi mwa Ajabu. Nikatoa kamba yangu ya pamba, ile kavu, kwa musumari. Na nikawaambia wote, sauti yangu ikafika barabarani, na siku hiyo niliitaka ifike:

«Ajabu, kimbia, umufuate mpaka kwao, umuombe musamaha mbele ya mama yake, urudi naye ukimubebea kikwembe. Nyinyi wengine, toeni inje fotei zile muliingiza hapa, mulete benchi mbele, muweke chai kwa moto. Akifika, aikale, akunywe, acheke kama anataka. Kisha mumupime na kamba hii, na kinywa yenu yote ifungwe.»